Wageni Wasioaga

Kokuhirwa alikuwa amekusudia kufika Kanyabwera na hasira zake zote, maana hasira humsaidia mtu kutembea wima. Ila hasira nayo ina tabia ya kumtoroka mwenyewe pale anapoihitaji. Alipoteremka garini mbele ya Makumbusho ya Tetemeko aliona bango refu lenye picha ya mama yake akitabasamu, kikapu kidogo cha kahawa mkononi, na chini yake pameandikwa: "Karibu nyumbani kwa Bi Leokadia." Hasira ikaisha hapo hapo, ikabaki aibu tupu.

Tangu jumba hilo lifunguliwe hakuwa amelikanyaga. Kila mwaka walimwalika, na kila mwaka alikuwa na udhuru wake: mara kazi, mara mafua, mara ati ndege humtia kizunguzungu, yeye ambaye hakukosa semina hata moja iliyohitaji kupanda ndege. Wenzake kazini kule Dodoma walimwamini. Yeye mwenyewe hakujiamini hata siku moja.

Mutalemwa, mkuu wa makumbusho, alimpokea mlangoni kwa mikono miwili. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye kusema kwa sauti ya chini kama mtu aliyezoea misiba.

"Karibu waitu. Pole na safari, dada Kokuhirwa."

"Ulisema kwenye simu kwamba mama amegoma."

"Sikusema amegoma," Mutalemwa alijibu. "Nilisema hafungui mlango."

Alimtangulia ukumbini. Wanafunzi wa shule ya msingi walikuwa wamejaa tele, sare zao za bluu zikizunguka huku na huko. Katikati palikuwa na meza yenye nyumba mbili za matofali madogo madogo, moja imefungwa mkanda wa zege juu ya madirisha, nyingine imejengwa hivi hivi tu, kama zilivyo nyumba za watu wengi. Mtoto akibonyeza kitufe meza hutetemeka. Nyumba ya mkanda huyumba ikabaki, ile nyingine hubomoka na kuwa kifusi. Watoto walikuwa wakigombea kitufe wapate kuibomoa, na kila ilipobomoka walipiga makofi. Pembeni mhudumu alikuwa akiwaonyesha begi la dharura, tochi, filimbi, maji, na hakuna aliyemsikiliza.

"Unaona," Mutalemwa alisema. "Kwao ni mchezo. Tunawaambia msikimbilie mlangoni, ingieni chini ya meza, shikeni mguu wa meza. Wanaitikia ndiyo. Tukitikisa sakafu, wote mlangoni. Mtoto hatii kipaza sauti. Anamtii mama aliyemkamata mkono."

Kokuhirwa alijua maneno hayo yanakoelekea, na mama aliyekuwa akisemwa ni wake.

*

Nyumba ilikuwa mwisho wa ukumbi, imejengwa upya kama ilivyokuwa: ukuta wa rangi ya krimu, mlango wa mninga, kizingiti kilicholika upande mmoja. Kwenye kamba ya kuzuia watu palitundikwa kibao: "Imefungwa kwa Matengenezo." Mutalemwa alimpitisha upande wa pili, kwenye chumba cha mitambo chenye kioo kirefu. Mtu wa huku aliona sebule yote. Wa kule aliona ukuta tu.

Sebule ilikuwa tupu. Meza kubwa ya kulia chakula, viti, kochi lililofunikwa vitambaa vya kufuma, picha ya Moyo Mtakatifu. Kokuhirwa aliitambua meza ile.

Ni yeye aliyewapa watu wa makumbusho yote hayo, mpaka hatua za mama yake. Miaka ile nyumba nyingi za wazee zilitandikwa nyuzi za sakafu, nyuzi nyembamba chini ya kapeti zinazohisi kila hatua na kupeleka habari kwa ndugu walio mbali. Kokuhirwa alimwekea mama yake ili ajue akianguka. Ukweli wenyewe ni kwamba alimwekea ili asilazimike kupiga simu kila siku. Akifungua simu yake Dodoma aliona vinukta vikitoka jikoni kwenda sebuleni, akajisemea mama yuko salama, akaendelea na mambo yake. Ujumbe wa sauti aliotumiwa na mama alisikiliza nusu, mwingine hakusikiliza kabisa.

Siku ya tetemeko nyuzi zile zilirekodi mpaka mwisho. Bi Leokadia alikuwa na wageni, akina mama wa jumuiya na watoto wao, waliokuja kusali. Nyumba ilipoanza kutikisika aliwaingiza wote chini ya meza, mmoja mmoja, akiwakamata mikono. Yeye hakuingia. Nafasi ilikuwepo. Lakini mwenye nyumba haingii mahali pema kabla mgeni wa mwisho hajaketi, na mgeni wa mwisho alipoketi dari lilikuwa limekwisha kushuka. Wageni walitoka wote wazima.

Wataalamu walikuja kabla matanga hayajaanuliwa. Walimweleza kwamba kwa hatua zile, na sauti zile za kwenye simu, na video za sikukuu, wanaweza kumjenga Bi Leokadia wa mwanga unaoshikika, anayeweza kusalimia, kucheka, kumjibu kila mtoto kwa jinsi alivyo. Waliwaita watu wa namna hiyo wakaazi. Kokuhirwa alikuwa akilia. Aliona kama anarudishiwa mama, akaridhia kwa kubonyeza kidole kwenye simu, akawapa hata ule ujumbe ambao yeye hajausikiliza. Ilimpitia kabisa kwamba anamtoa mama yake afe kila asubuhi na kila alasiri, siku za wiki zote isipokuwa Jumatatu ya usafi.

"Kila jioni tunamfua," Mutalemwa alisema. "Ndivyo tunavyosema hapa. Tunafuta ya siku nzima, kesho aanze upya. Lakini hatuwezi kufuta yote, maana tukifuta yote anasahau namna ya kumtuliza mtoto anayelia, na hiyo amejifunza humu humu, kwa miaka. Basi kuna kitu kinabaki. Kama utomvu wa ndizi kwenye nguo. Unafua, unafua, doa lipo."

"Anakumbuka?"

"Kitu fulani anakumbuka. Mwanzoni alikuwa anachelewa kufungua. Halafu akawa anauliza nani, nani, mpaka watoto wanachoka. Mwezi huu hafungui kabisa. Tulifungua kwa nguvu mara moja. Alikuwa chumbani, amejifungia na huko."

Kokuhirwa alimfikiria mama yake akisikia hodi na kunyamaza. Mwanamke ambaye aliwahi kuacha ubwabwa ukaungua kwa sababu mpita njia alisalimia. Kama angeambiwa mama amejifunza kuruka angekubali haraka zaidi.

"Mnataka nifanye nini?"

Mutalemwa alivua miwani, akaifuta, ingawa ilikuwa safi. "Sheria iko wazi, uamuzi ni wa ndugu. Unaweza kusema apumzike, nasi tutamzima leo, na sitakulaumu. Au uzungumze naye. Sisi hatuwezi, tumekatazwa kumwambia mkaazi habari zake. Mtoto wake hakatazwi." Akarudisha miwani. "Ila nikuambie jambo. Mwaka jana tetemeko lilipopiga kule Muhozya, shule iliporomoka mchana, watoto wamo. Darasa lililokuwa limepita hapa kwa mama liliingia chini ya madawati bila kuambiwa. Darasa la jirani halikuwa limepita. Na vipimo vya mwezi huu vinatuonyesha ardhi haijatulia. Shule za wilaya nzima ziko kwenye foleni."

Kokuhirwa alitamani mzee huyu angekuwa mtu mbaya, ingekuwa rahisi.

*

Alisimama mbele ya mlango wa mninga. Mtoto wa nyumba hapigi hodi kwao. Hufungua akaingia, akaenda jikoni kufunua sufuria. Lakini hakuweza kuinua mkono kushika kitasa. Alihisi ameupoteza ujamaa huo kitambo, kwa mikono yake mwenyewe.

"Hodi," alisema.

Kimya. Akarudia. Akarudia tena. Mgeni mwenye adabu hapo angeondoka. Nyuma ya kamba, watoto wa sare za bluu walikuwa wamekusanyika wakitazama.

"Hodi, mama. Ni mimi, Kokuhirwa."

Nyayo zilisikika, zikaja mpaka mlangoni, zikasimama.

"Kokuhirwa?" Sauti ilikuwa ile ile, yenye mkwaruzo wa mtu aliyeimba kwaya miaka mingi. "Umekuja lini?"

"Leo, mama."

"Umekula?"

Kokuhirwa aliegemeza kipaji cha uso kwenye ubao. "Nimekula."

"Mwongo. Huli ukisafiri." Kisha sauti ikashuka. "Mwanangu, nenda. Usiingie humu. Hata huko ulikotoka si kubaya, rudi."

"Kwa nini nisiingie?"

"Nyumba hii inaua watu."

Kokuhirwa alishika kitasa, akakiachia.

"Wanakuja wageni," Bi Leokadia alisema, polepole, kama mtu anayeogopa kusikiwa na majirani. "Watoto, wazuri, na sare zao. Nawapa akamwani, kahawa ya kutafuna, wengine wanakunja uso, hawajazoea. Tunaongea vizuri tu. Halafu chini kunaanza. Nawaingiza chini ya meza, wote, naingiza mpaka wa mwisho. Halafu giza. Nikija kuona tena, niko hapa napanga vitambaa, na wao hawapo. Kila siku, Kokuhirwa. Watoto wote wale."

"Mama, wale watoto..."

"Hakuna hata mmoja aliyeniaga." Sauti ilikatika. "Mtu anakuja kwako, umempa kahawa, umeongea naye, aondoke bila kuaga? Mmoja asiye na adabu, nakubali. Wawili, nakubali. Lakini wote? Angekuwa mzima angeaga. Nimewakaribisha mimi, wakafia kwangu. Ndiyo maana sifungui. Waende kwa wengine wakaishi."

Kule kwenye chumba cha mitambo mtu alikohoa. Kokuhirwa alikuwa amekaa chini kwenye kizingiti, hakujua amekaa saa ngapi. Wataalamu walioijenga nyumba ile walifikiria kila kitu, uzito wa dari, vumbi, mlio wa glasi kabatini. Waliikata picha pale dari linapoanguka, taa zikawaka upande wa nje, watoto wakatolewa kwa mlango wa nyuma kwenda kunywa soda. Hakuna aliyekumbuka kwamba mgeni huaga. Wangekuwa watu wa mbali wangesamehewa, lakini walikuwa wa hapa hapa, wenye mama zao.

Na sasa aliona jambo lingine, likamtia baridi. Mama hakujificha kwa kuogopa kufa. Akiambiwa ukweli, kwamba watoto wanatoka wazima, atafungua. Atafungua kesho, na kesho kutwa, na miaka yote. Kumwondolea uchungu na kumrudisha kazini ni neno lile lile moja. Angeweza kunyamaza, ainuke, amwambie Mutalemwa azime. Basi mama angepumzika akiamini ameua watoto wa watu. Hilo hakuliweza.

"Wanatoka, mama," alisema. "Wote. Hakuna hata mmoja aliyeumia. Nimewaona leo kwa macho yangu, wako hapa nyuma yangu, wanakula ubuyu. Hawaagi kwa sababu wakubwa wao waliwatoa mlango wa nyuma. Hawakufundishwa. Kosa si lako."

Ndani ikasikika pumzi ndefu, na nyuma yake kilio kidogo kisicho na maneno. Kokuhirwa naye alilia, bila kujificha, mbele ya sare zote zile.

"Wote?" mama aliuliza.

"Wote."

"Hata yule wa meno yaliyong'oka, aliyeniambia baba yake ni rubani?"

"Hata yule." Hakumjua mtoto huyo, lakini kwamba alitoka alikuwa na uhakika.

"Mshukuru Mungu." Mama alipenga kamasi. Kisha, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza habari za bei sokoni, akasema: "Na mimi je? Mimi huwa natoka?"

Kokuhirwa alifungua kinywa. Neno halikuja. Alimwona mama akiwa mzima jikoni, alikiona kinukta kikisimama kwenye skrini ya simu yake kule Dodoma, yeye yuko mkutanini, akidhani mtandao umekatika.

"Unatoka," alisema hatimaye. "Unatoka wa mwisho, mama. Kama mwenye nyumba."

"Haya," mama alijibu. "Basi wape hao watoto nafasi wajipange. Na waambie wakitoka waniage."

*

Mutalemwa alikimbia huku na huko na unene wake wote. Aliwaagiza mafundi waongeze muda baada ya giza, sauti ya sebuleni ibaki wazi. Akawapanga watoto, akawafundisha: mkishatolewa nje, msiende kwenye soda kwanza, simameni mgeuke muage kwa sauti. Watoto walifurahi kuambiwa wapige kelele.

"Umetuokoa," alimwambia Kokuhirwa. Kokuhirwa aliangalia pembeni. Sifa ile ilimwasha mwili.

Kutoka nyuma ya kioo alimwona kiongozi wa darasa akibisha. "Hodi!" Mlango ulifunguliwa papo hapo.

Bi Leokadia alikuwa amevaa viatu. Si ndapa za nyumbani. Vile vyeusi vya kisigino kifupi alivyovaa kwenda misa. Kanga ya kutokea mabegani, na mkoba umening'inia kwenye kiwiko. Watoto hawakuona ajabu yoyote. Kokuhirwa aliona. Mama amejiandaa kutoka. Ameambiwa atatoka, basi amevaa.

"Karibuni wanangu, karibuni. Jamani mmependeza." Aliwaketisha, akapitisha kikapu, akacheka walipokunja nyuso. Mmoja alimuuliza kama anaenda kanisani. "Nikitoka hapa nitapitia," alisema.

Sakafu ilianza kwa mlio wa chini, kisha vikombe, kisha viti. Watoto wawili waliruka kuelekea mlangoni kama ilivyo kawaida, na Bi Leokadia aliwakamata, mmoja kila mkono, akawasukuma chini ya meza. "Shika mguu wa meza. Funika kichwa. Wewe, sogea, mpishe mwenzako. Usilie, nipo." Hakukosea hata hatua. Alipohakikisha wa mwisho yumo, alijiinua, akaweka sawa kanga yake, akashika mkoba kwa mikono miwili, akasimama akitazama juu. Dari lilishuka.

Giza. Vumbi la mwanga lilielea sebuleni. Kwa nje, upande wa nyuma, sauti za watoto zikalipuka kwa pamoja, hazikupatana, nyingine zikicheka: "Tumetoka, mama! Kwaheri!"

Na kutoka kwenye kifusi, mahali ambapo miaka yote palikuwa kimya, sauti ya Bi Leokadia ikajibu, imechoka na imefurahi:

"Haya wanangu. Nami nakuja."

Vumbi la mwanga likazimika. Mutalemwa alikuwa akifuta macho kwa kiganja. Fundi mmoja alisema kundi la pili liko tayari, liingie?

"Lisubiri," Kokuhirwa alisema. Alishindwa hata kujua amesema kwa sauti gani, maana wote waligeuka kumtazama. Tangu azaliwe hakuwahi kufanya jambo alilolionea haya kama hili. Mengine aliyomfanyia mama yalikuwa ya uzembe. Hili alilitenda akijua.

*

Safari hii hakupiga hodi. Alisukuma mlango akaingia. Mama alikuwa amesimama katikati ya sebule iliyokwisha kurudi kama mwanzo, bado amevaa viatu, mkoba kwenye kiwiko. Mwanga ulipita kidogo kwenye ncha za kanga yake. Vinginevyo alikuwa yeye.

"Mama, nilikudanganya."

"Najua," Bi Leokadia alisema. "Kaa."

Kokuhirwa hakukaa. "Ya watoto nilisema kweli. Ya kwako ndiyo uongo. Wewe hutoki. Hukutoka hata siku ile ya kwanza. Mimi niliwaruhusu wakuweke humu, na sikuja kukuona, nilikuwa naogopa, na leo nimekudanganya ili ufungue mlango."

"Nimekwambia najua. Ulinyamaza pale mlangoni. Wewe tangu mdogo, ukivunja kitu nikakuuliza, unanyamaza kwanza, halafu unasema paka."

"Sasa kwa nini ulivaa viatu?"

Mama alimwangalia kama anayeshangaa mtu mzima kuuliza jambo la wazi. "Kuna mtu anakusikiliza upande ule. Nilimsikia akikohoa. Na watoto wa watu wamejaa pale nje. Umeshasema mama yako hutoka, mimi nifungue na ndapa, niseme mwanangu mwongo? Nikuumbue mbele ya wageni?"

Kokuhirwa alikaa. Alikuwa amejiandaa kulaumiwa, hata kulaaniwa. Kusitiriwa hakukuwa kwenye hesabu zake, na kulimuuma kuliko vyote.

"Naweza kuwaambia wazime," alisema. "Sasa hivi. Upumzike. Ni haki yako na mimi ndiye wa kusema."

Bi Leokadia alikaa naye kwenye kochi, mkoba mapajani. Alifikiri. Nje, kundi la pili lilikuwa likisukumana kwenye kamba, mwalimu akiwakemea.

"Hao nao watafundishwa na nani?"

Kokuhirwa alitafuta jibu. Alilitafuta kwa uaminifu kabisa safari hii. Mama alimngoja, kisha akatikisa kichwa, maana jibu alikwisha kulipata.

"Inauma?" Kokuhirwa aliuliza.

"Inauma. Sitakudanganya na mimi." Alivua kiatu kimoja, akasugua kidole gumba cha mguu. "Lakini leo niliwasikia. Yule mmoja ana sauti kubwa kama ng'ombe, umemsikia? Nikiwasikia ninaweza. Ile ya kutojua ndiyo ilinishinda." Akavua cha pili. "Waambie nitafanya mpaka ardhi itulie. Ikitulia, uje wewe mwenyewe uniambie, ndipo wazime. Usimtume mtu. Na jioni, ninapohisi kama nafutwafutwa, hili la leo waliache."

"Nitawaambia."

"Haya, nenda. Wape dakika mbili nifagie, nyumba imejaa vumbi."

Hapakuwa na vumbi, lakini Kokuhirwa hakubisha. Alisimama, akaenda mpaka mlangoni, akajikuta hajui afanyeje mikono. Siku zote alizowahi kuondoka nyumbani kwao aliondoka mbiombio, gari linangoja, atapiga simu akifika.

"Kwaheri, mama," alisema.

Bi Leokadia alikuwa amekwisha kuchukua ufagio. Aliusimamisha. "Ya kuonana? Au ndiyo imetoka?"

"Ya kuonana," Kokuhirwa alijibu upesi.

Mama alimtazama usoni kwa muda, akacheka kidogo, akainama kufagia.

"Vizuri," alisema. "Leo hukunyamaza."